Kopo la Kulia

Skolastika aliingia kwenye foleni ya kupima presha kwa sababu ya kivuli. Jua la Mpanda lilikuwa limesimama juu ya soko, na hema la watu wa afya ndilo lililokuwa karibu. Alikuwa ametoka kununua nyuzi na zipu. Alivaa gauni la kitenge cha buluu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu. Spika ya muuza sumu ya panya ilikuwa ikishindana na spika ya muuza mitumba. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, ovaroli yake imetobolewa na cheche za kuchomelea, ananuka chuma cha moto.

Nesi akachungulia nje ya hema. "Huyu ndiye wa mwisho, halafu tunaenda kula. Wengine rudini saa nane."

Yule mwanaume akageuka. Akamtazama Skolastika usoni, akatazama miguu yake, akasogea pembeni.

"Pita wewe, dada."

"Na wewe je?"

"Mimi fundi wa kuchomelea. Nashinda na chuma, nalala na chuma. Chuma hakipimwi presha."

"Nani kakudanganya?"

"Pita bwana, nesi asije akakimbilia ugali wake."

Skolastika akapita. Presha yake ilikuwa juu. Nesi alimwambia apunguze chumvi, ameze dawa bila kuruka, na afanye mazoezi, maana mtu anayeshinda kwenye cherehani damu yake nayo inakaa. Alipotoka, fundi alikuwa bado yupo, anakula muwa.

"Wamesemaje?"

"Wanataka nifanye mazoezi."

"Basi nipe namba yako. Siwezi kumpa mtu nafasi yangu halafu nisijue kama amepona."

Skolastika alicheka mpaka akashika mfuko wa gauni. Namba akaitoa.

Fundi huyo aliitwa Dieudonne, mjini wakimwita Deo. Alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi, na alikuwa kijana wakati familia yao ilipopata uraia. Baba alishafariki. Mama yake, Apollinarie, alikuwa bado kule, analima maharage na mihogo. Skolastika alikuwa mtu wa Litapunga, alikolelewa na shangazi yake Bernadetha baada ya mama kufa. Mjini alipanga chumba kimoja kwenye ua wenye wapangaji wengi, na kibaraza cha ushonaji mtaa wa pili.

Simu zilianza jioni ile ile.

"Fundi."

"Naam, fundi mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula mboga haina chumvi, kama nyasi."

"Pole, mpenzi. Mimi nimekula chumvi yako pia, isiharibike."

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani, ulimi umeteleza. Ngoja niuache huko huko ulikoteleza."

Mvua za kwanza ziliponyesha, majirani walikuwa wameshazoea kumwona Deo ameketi mlangoni kwa Skolastika, anamenya karanga za shangazi na kutoa maoni juu ya nguo asizozijua. "Hiyo kola imepinda," angesema. Skolastika angemjibu, "Kapindishe geti lako."

Lililobaki lilikuwa mazoezi. Mjini palikuwa na jimu ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye vioo ukuta mzima na muziki uliosikika mpaka barabarani. Deo hakuona sababu ya kulipia kitu cha namna ile.

"Chuma cha nini cha kukodi, na mimi nipo?"

"Nyumbani watanicheka. Jana nimeruka kamba kidogo, mama Happiness akaniuliza kama naota mbawa."

"Waache wacheke. Nitakutengenezea jimu yako, wewe na Mungu na mimi."

Shangazi Bernadetha, aliyekuja siku hiyo na kikapu cha viazi, hakupenda jimu wala kamba. "Mwanangu, ukikonda watasema mwanaume hakulishi. Wengine watasema una gonjwa. Mwanamke hakondi hivi hivi."

Deo alichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, akayajaza zege, akachomekea kila moja kipande cha bomba kiwe mpini. Kabla zege halijakauka alichukua msumari akaandika juu yake. Moja KUSHOTO, jingine KULIA, maana siku ya kwanza alipomfundisha, kila akisema kulia Skolastika alinyanyua mkono wa kushoto.

Skolastika akasoma, akakunja uso. "Umeniandikia kulia? Ndiyo zawadi hiyo?"

"Mkono wa kulia, mama. Siyo machozi."

"Haya. Nikilia nitajua nani aliandika."

Alifurahi, na Deo aliiona furaha hiyo. Asichokiona ni kwamba asubuhi iliyofuata, Skolastika alipofunga mlango ili majirani wasimcheke na kunyanyua yale makopo, moyo ulianza kumpiga masikioni, akayaweka chini haraka na kufungua komeo. Mama yake Skolastika alianguka na kufa akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Watu walipita nje wakidhani amelala. Skolastika alikuwa shuleni. Aliporudi ndipo mlango ulipovunjwa.

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba tangu hapo aliogopa kuhema kwa nguvu mahali asipoonekana. Aliona akilitamka litakuja. Basi akaenda kimya kimya kule ghorofani, ambako kuna watu, na mtu akianguka ataonekana kwenye vioo vyote. Na Deo alipouliza kwa simu, "Makopo yanasemaje?" alijibu, "Yanakusalimia."

Akaanza kupungua. Magauni yake aliyabana mwenyewe, mshono baada ya mshono.

Deo alikuja siku moja bila kupiga simu, amebeba samaki wabichi kwenye gazeti. Mlango ulikuwa wazi na Skolastika hayupo. Kopo la KUSHOTO lilikuwa chini, limeegemezwa kwenye mlango usijifunge. La KULIA lilikuwa chini ya meza, limefunikwa na vitambaa.

"Skola?" alisema mama Happiness, bila kuacha kuosha vyombo. "Saa hizi yuko jimu kwa Yotham. Nyie hamuambiani?"

Deo akaenda na samaki wake. Kutoka kwenye ngazi alimwona Skolastika kiooni, kwenye suruali nyeusi ya mazoezi ambayo hakuwahi kuiona, uso unang'aa jasho, anacheka. Mwalimu Yotham, kifua wazi, amemshika kiwiko kuunyoosha mkono. Deo alisubiri chini, mlangoni mwa duka.

"Yanakusalimia, eh?" alimwambia Skolastika aliposhuka.

"Deo, ngoja nikueleze."

"Nimeona kopo langu linazuia mlango. Kazi nzuri. Ningejua ningekutengenezea jiwe."

"Siyo hivyo."

"Ni hivyo. Vitu vya mtoto wa Mishamo ni vya kuzuia mlango, vya kuonyesha watu ni vioo. Tumeitwa wakimbizi mpaka tukazoea, Skola. Kwako ndiyo sikutegemea."

"Nani kakwambia maneno hayo? Mimi nimewahi kukuita hivyo?"

"Basi sema. Kwa nini ulinidanganya?"

Skolastika alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale pale, fupi tu, lakini lilikuwa na mama yake ndani, na barabara ilikuwa na watu. Deo aliweka samaki juu ya mfuko wa saruji, akaondoka.

Alikwenda Kibaoni na mwenzake Audace, kwenye kazi ya kuchomelea kenchi za paa la ghala la mpunga. Simu za Skolastika hakupokea. Aliziangalia zinavyoita, akamwambia Audace, "Mwache na yeye aite," halafu usiku hakulala. Skolastika aliendelea kushona, na siku hizo hakwenda jimu wala hakugusa makopo.

Simu ilipokuja ilikuwa ya Audace.

"Shemeji, uko wapi?"

"Dukani. Huyo bwana yuko hapo? Mwambie…"

"Shemeji, Deo kaanguka. Hapana, siyo kwenye ngazi. Alikuwa chini, anakunywa chai. Tunamleta Mpanda."

Kilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na mdomo umevutwa upande. Daktari aliuliza kama mgonjwa alikuwa na presha siku nyingi. Audace akamtazama Skolastika.

"Hajawahi kupima," alisema Skolastika. "Alikuwa anaenda kupima, akanipisha mimi."

Jioni, wodini, alivuta stuli karibu na kitanda. Deo aligeuza uso ukutani, kisha akaurudisha.

"Utanisikiliza leo," Skolastika alisema, "maana huwezi kukimbia." Akamweleza habari za mama yake, za komeo, za moyo unaopiga masikioni. Akamweleza kwa nini mlango wa chumba chake haufungwi mchana, na kwa nini kitu cha kuuzuia ilibidi kiwe kile kizito kuliko vyote alivyonavyo.

Maneno yalimtoka Deo taratibu, kama mtu anayetembea kwenye tope. "Ungeniambia. Ningekutengenezea… mlango hauna komeo."

Walicheka wote wawili, yeye kwa upande mmoja wa mdomo.

Aliporuhusiwa, mtaalamu wa viungo alisema waje hospitali kwa mazoezi, au wafanyie nyumbani kama kuna mtu wa kumsaidia. Deo hakutaka kuonekana barabarani akikokotwa. "Nyumbani," alisema, na Skolastika hakubishana naye. Apollinarie alikuja kutoka Mishamo na gunia la maharage, akahamia chumbani kwa mwanawe. Mwalimu Yotham naye alikuja, amevaa shati safari hii, pamoja na mke wake, akawaonyesha jinsi ya kukunja vidole na kunyoosha goti. Alipoondoka Deo alisema, "Kumbe ana mke." Skolastika akajibu, "Na mapacha. Ungeuliza."

Kila asubuhi kabla ya kufungua kibaraza, Skolastika alipita. Alikuwa ameleta makopo yote mawili. La KUSHOTO lilizuia mlango. La KULIA aliliweka mapajani mwa Deo, akamfunga vidole kwenye mpini, akaweka mkono wake chini ya ule wa Deo.

"Haya. Kulia."

"Nalia, si unaona."

"Acha utani. Nyanyua."

"Wewe mwanamke una roho ya chuma."

"Nimeitoa kwako. Nyanyua."

Kopo lilisogea kidogo, likarudi. Mwanaume aliyebeba mageti begani akatokwa na jasho kwa kopo la maziwa. Siku moja, akiwa bado anahema, alisema, "Nikilinyanyua hili peke yangu mpaka begani, natuma posa kwa shangazi."

"Tuma sasa. Mimi nimekubali tangu kwenye hema."

"Hapana. Sioi kwa mkono wa kuazima."

Hakuweza kumtoa kwenye hilo. Alijaribu kwa upole, akajaribu kwa hasira, akajaribu kupitia kwa mama mkwe. Apollinarie alitikisa kichwa tu: "Huyu alikataa hata kubebwa akiwa mdogo."

Maharage ya Mishamo yalikuwa yanavunwa siku Skolastika aliposikia simu chini ya vitambaa.

"Fundi," ilisema sauti nzito.

"Naam, fundi mwenzangu. Umemeza dawa?"

"Nimenyanyua."

Alisimamisha cherehani. "Mpaka wapi?"

"Mpaka begani."

"Muongo."

"Muulize mama."

Na nyuma yake Apollinarie alikuwa anapiga vigelegele, peke yake, chumba kizima.

Posa ilikwenda Litapunga. Shangazi Bernadetha aliipokea, akalalamika kwamba bibi harusi amekonda, akaambiwa na mjomba wa Deo kwamba watamnenepesha wao. Harusi ikapangwa baada ya mavuno. Skolastika alianza kushona gauni lake mwenyewe, jeupe, na ndani yake akaweka mifuko.

Kiharusi kilirudi kabla gauni halijaisha. Kilikuja asubuhi, mlango ukiwa wazi, mama yake Deo anakoroga uji. Hapakuwa na mlango wa kuvunja wala mtu aliyechelewa, na bado alifariki. Alipofika Skolastika, kopo la KULIA lilikuwa bado kando ya kitanda, mpini umegeukia mkono wa Deo.

Walimzika Mishamo. Baiskeli na pikipiki zilijaa mpaka kwenye mihogo. Wanawake wa pale walimkaribisha Skolastika vizuri, wakampa kiti upande wa wageni waliotoka mjini, kwa sababu hakuna aliyejua kiti cha mchumba kiko wapi. Hakuwa mjane wala ndugu. Alikaa ameshika mifuko ya gauni lake. Hakulia, na alisikia wakinong'ona.

"Ona alivyokonda."

"Msiba huo. Msiba unakula mtu."

Aliwaacha waamini hivyo. Kidogo cha kukonda huko kilikuwa cha jimu, kidogo cha asubuhi zile na Deo. Asingeweza kuvitenganisha.

Ndipo Apollinarie aliponyanyua kichwa kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, akatazama kule kwenye viti, akaita kwa sauti iliyonyamazisha kinamama wote, "Mukazana!" Ni neno la Kirundi, maana yake mkamwana. "Mukazana, unafanya nini huko? Njoo ukae kwako."

Skolastika akaenda. Wakampisha mkekani.

Siku ya kuondoka, Apollinarie alimpa kopo la KULIA likiwa limefungwa kwenye kanga. "Chukua. Ni mkono wake." Alirudi nalo Mpanda kwenye gari la abiria, mapajani, na la KUSHOTO akalichukua chumbani kwa Deo.

Mwalimu Yotham alipiga simu baadaye, akamwambia milango iko wazi, aje wakati wowote.

"Asante, mwalimu. Nafanyia nyumbani."

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Majirani walikuwa uani. Mama Happiness alimwona akiinama kuweka kopo la KUSHOTO mlangoni, akaendelea kuosha vyombo. Skolastika alisimama katikati ya chumba, mlango wazi, watu wakimwona, akashika la KULIA kwenye mpini wake wa bomba. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Akalinyanyua polepole, mpaka kiunoni, mpaka kifuani.

Mpaka begani. Hapo ndipo alipolia.