Cherehani ya Gavana

Niliutania mgongo. Saa sita mchana, shemeji yangu alikuwa ameinamia cherehani ya kaka, mtandio wake wa njano mabegani, nami niliyezunguka bandari saba bila kujifunza adabu hata katika moja nikasema, "Shemeji, umenona! Kaka anakulisha hamira?"

"Unaongea na nani?" akauliza shemeji, nyuma yangu, mlangoni, ndoo ya maji kichwani.

Nikageuka. Kiti kitupu. Mtandio uko sakafuni. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka, na chumba kizima kilinuka waridi.

Ilikuwa cherehani iliyotekwa vitani. Jamhuri yetu, changa ya miaka mitatu, ilikuwa vitani na koloni la ng'ambo ya mto. Askari wetu waliinyakua kwenye kasri la gavana, wakampa kaka, na muda wa wiki mbili, awashonee sare sitini kabla hawajavuka tena Ijumaa.

Alhamisi sajenti akaja, pande la mtu, akajaribu shati. Vifungo vikagoma. La pili, vilevile. Mashati yote sitini yalikuwa na kifua chembamba na bega la kushoto lililoshuka.

"Fundi, umejishonea mwenyewe?"

"Wallahi nilipima kila mtu!"

Shemeji akapitisha kidole kwenye bega la shati, polepole. "Miaka tisa nalala na bega hili," akanong'ona. "Huyo wa cherehani wiki mbili tu, kashalikariri."

Hapo miguu ya kaka ikampeleka kitini bila ridhaa yake, ikaanza kukanyaga, tiki-tiki-tiki, waridi likatujaa kooni mpaka sajenti akashika ukuta, na kutoka ndani ya kitambaa, pale sindano ilipokuwa inazama na kuibuka, sauti laini ya kike ikasema: niachieni fundi, na kabla jua halijazama kila askari atapata sare ya mwili wake.

"Ni kwa ajili ya nchi, mke wangu," kaka akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, tena tabasamu la posa.

Shemeji akachukua mkasi, akaukata mkanda wa cherehani. Kilio kikatoka dirishani, kikaelekea ng'ambo ya mto. Harufu ikakatika. Kaka akabaki anaitazama miguu yake kama ya kuazima.

Sajenti akajifuta jasho. "Lakini mama, kesho tunavuka. Jamhuri itavaa nini?"

"Magunia."