Alama Mlangoni kwa Fundi Saa

Mchana ule ngazi za jengo la maduka zilifurika watu, kila mmoja na mfuko wake na haraka yake, na katikati yao alisimama kijana ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Anageuka kulia, anageuka kushoto, watu wanampita wakisonya. Alivaa shati jeupe lisiloijua pasi na raba nyekundu zilizokwisha visigino. Ghafla akarudi nyuma bila kuangalia, na kiwiko chake kikagonga sinia la msichana aliyekuwa akipanda.

Sinia la skrubu za saa. Unazijua skrubu za saa? Ukipiga chafya, umezipoteza. Zilimwagika zote, zikawa zinadunda ngazi hadi ngazi.

"Mama yangu!" Msichana akapiga magoti palepale, gauni lake la kijani likasambaa vumbini.

"Samahani dada, samahani sana! Sikukuona."

"Ungenionaje na macho umeyapeleka mbinguni? Inama basi! Na usikanyage!"

Kijana akainama. Watu wakawaruka, wengine wakawatukana, wao wakaendelea kuokota kwa ncha za vidole. Msichana yule alikuwa fundi saa, na fundi saa akiwa anaokota skrubu hana muda wa kukasirika sana. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona jambo asilolielewa akalipita.

"Kwani ulikuwa unatafuta nini huko juu?"

"Nilikuwa natafuta nilipo."

"Hujui ulipo?"

"Mimi najua. Simu ndiyo haijui. Inasema niko katikati ya ziwa."

Fundi akachungulia kioo cha simu, kisha akamwangalia kijana toka utosini hadi kwenye zile raba. "Na hujalowa hata kidogo," akasema, akacheka. Kijana naye akacheka. Basi, yaliyobaki mnayajua.

Akambebea sinia hadi ghorofa ya juu, mwisho wa korido, kwenye chumba chembamba chenye dirisha moja na meza moja. Ukutani saa zilijaa, kila moja na wakati wake.

"Haya, Bwana Ramani," fundi akasema, akijifunga kioo chake cha kukuzia jichoni, "nieleze. Simu inajuaje fundi bomba yuko wapi?"

"Haijui kitu. Mimi natengeneza programu. Mtu akiandika 'fundi bomba', programu yangu inakimbia kwa mtafutaji mkubwa wa mtandaoni, inabisha hodi, inauliza. Huo mlango wa kuulizia ndio tunaouita API. Unapeleka swali, unarudishiwa majibu."

"Anakurudishia mafundi bomba wa dunia nzima?"

"Usipomwambia ulipo, ndiyo. Atakupa wa ng'ambo huko. Lazima uongeze namba mbili za mahali ulipo, na umbali ambao uko tayari kutembea."

"Na fundi bomba asiye na anwani? Anayekaa tu chini ya ngazi?"

Kijana akaiweka simu mezani. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo, hata wakubwa wake kazini. "Huyo ndiye anayeninyima usingizi," akasema.

Jioni simu zikaanza.

"Hujambo? Habari za ziwani?"

"Nimeshatoka majini, Fundi. Nimekauka juani."

"Umekula?"

"Nimekula. Nikikwambia nimekula nikikufikiria utasema nini?"

"Nitasema ulikula vibaya. Mtu aangalie sahani yake."

Mama yake fundi, chumba cha pili, akakohoa kile kikohozi cha wazazi. Fundi akajifunika shuka kichwani akaendelea kunong'ona. Alikuwa amependa, jamani, tena kupenda kule kwa kujichekea peke yako ukiosha vyombo.

Lakini furaha haiji bila mwenzake. Jengo lile lilikuwa la mama yake mkubwa, dada wa mama yake, mwanamke wa vitenge vya kupiga pasi na maneno ya kunyooka. Asubuhi moja akapanda akihema, akaegemea mlango.

"Mwanangu, nakupenda kama niliyekuzaa. Lakini korido hii imekufa. Muuza chai analia, mshona mapazia analia. Mwezi ukiisha bila watu kupanda huku, chumba nampa muuza makava ya simu. Yeye analeta watu."

"Mama Mkubwa, chumba hiki ndiyo maisha yangu. Nitakwenda wapi na meza?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Fundi akampigia Ramani akilia waziwazi. Meza ya saa haitaki upepo, haitaki vumbi, haitaki kutikiswa. Chumba kama kile asingekipata pengine. Ramani alimbembeleza hadi sauti ikamkauka, lakini hakuwa na la kumpa zaidi ya maneno.

Wiki iliyofuata, yakatokea maajabu.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyeshika shavu. "Hapa ndipo kwa mng'oa meno?"

"Hapana baba, hapa ni saa."

"Simu imesema hapa."

Akaja bibi harusi mtarajiwa akitafuta mpambaji. Akaja mtu na tairi begani. Akaja bwana amemkumbatia mbuzi, anataka daktari wa mifugo, na mbuzi mwenyewe akaanza kula pazia la jirani. Wote wamepanda ngazi, wote wanahema, wote wameonyeshwa mlango wa fundi saa. Na mtu akishapanda ngazi zile zote hashuki mikono mitupu. Akanywa chai. Akatazama mapazia. Mwingine akakumbuka ana saa kabatini iliyosimama tangu harusi yake.

Mama Mkubwa akaja akasimama katikati ya korido, macho yakimng'aa. "Umefanya nini, wewe mtoto?"

"Sijafanya kitu! Mimi mwenyewe nashangaa."

"Shangaa polepole, usiwafukuze. Chumba ni chako."

Fundi alifurahi, nani asingefurahi? Ila ule ugonjwa wake ukamwamka. Kila aliyekuja akamhoji. Umetoka wapi? Uliandika nini? Alama ilikuwa ya rangi gani? Jioni akampigia kijana wake. "Mpenzi, wewe si mtu wa mambo haya? Hebu nitazamie. Kuna kitu kinawaleta watu hawa."

"Nitaangalia, roho yangu."

Akaangalia. Hakuangalia hata dakika mbili, akaliona kosa, na lilikuwa lake.

Hebu niseme kilichotokea, maana yeye alichelewa kukisema. Programu ikikosa anwani kamili kwenye majibu ya yule mtafutaji mkubwa, huwa inahitaji sehemu ya kujazia. Siku za majaribio kijana aliweka pale alipopajua kuliko popote mjini: mlango wa fundi saa. Wenzake huweka namba za uongo, sifuri tupu, ili kosa lionekane upesi. Yeye aliweka mpenzi wake. Programu ikatoka, namba zikatoka nayo. Na kwa kuwa mafundi na waganga wengi wa mji ule hawana anwani, basi nusu ya wenye shida mjini walitumwa kwa msichana mmoja mwenye kibano na mafuta ya saa.

Kulifuta kosa hilo lilikuwa jambo la kubonyeza mara chache. Kidole kikafika, kikasita. Akifuta, korido inakufa, chumba kinakwenda. Akasimamisha kidole. Akampigia.

"Umeona nini?" fundi akauliza.

"Bado naangalia."

Mjinga yule! Ukimfichia mtu kwa mapenzi, bado umemficha.

Ikapita siku, zikapita nyingine, kila jioni "bado naangalia", na kila jioni "nakupenda" inatoka kwa shida kidogo. Fundi akaisikia ile shida. Akadhani kijana amepata mwingine. Akaanza kumjibu kwa mkato, naye kijana akadhani amejulikana, akazidi kunyamaza.

Hadi alasiri moja akapanda mama aliyemfunga mtoto kwa kanga, mtoto anawaka homa, macho yamegeuka. "Kliniki," mama akasema, pumzi hana. "Dada, niambie hapa ndipo kliniki."

Muuza chai akaweka birika chini.

Fundi alitupa kibano, akamchukua mtoto begani, akashuka ngazi akikimbia na kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye paji la uso, mama nyuma yake analia. Kliniki ilikuwa mtaa wa pili, mlango wa bluu usio na kibao. Mtoto akapokelewa, akapigwa sindano, akalia kwa sauti, na mama yake akakaa sakafuni kwa furaha ya kuisikia ile sauti.

"Nipe simu yako," fundi akamwambia mama yule. Chini ya programu paliandikwa namba ya msaada. Akaipiga.

"Habari za mchana, karibu tukusaidie."

Sauti ile aliijua. Aliisikiliza kila usiku chini ya shuka.

"Ramani?"

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Ni wewe?"

"Fundi... ofisi yetu ni ndogo, tunapokezana simu..."

"Sikuulizi ofisi! Umewaleta wewe?"

"Nimewaleta mimi. Ilikuwa kosa. Nilipajua kwako, nikapaweka, nikasahau kupaondoa."

"Ulijua lini?"

"Jioni ile uliponiomba niangalie."

"Na ukanyamaza."

"Ungehamishwa! Mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu cha kukupa. Nikashindwa kukunyang'anya."

"Kuna mtoto hapa," fundi akasema, na sasa alikuwa akilia, "amepandishwa ghorofa zote zile na homa ya kuua kwa sababu ya zawadi yako. Ungeniuliza ningekwambia sikitaki chumba cha namna hiyo. Hukuniuliza. Iondoe."

"Naiondoa sasa hivi. Lakini Mama Mkubwa..."

"Iondoe. Halafu usinipigie."

Akaiondoa. Badala ya alama ya uongo akaandika sentensi: hatujui anwani kamili, uliza wenyeji wa eneo hili. Akawaeleza wakubwa wake yote, akaweka maombi ya radhi ukurasa wa mbele wa programu kwa kila aliyepotezwa. Hayo yote aliyafanya vizuri.

Hazikupita siku nyingi, korido ikafa tena. Mwezi ulipoisha Mama Mkubwa akapanda, akanyoosha kiganja bila kumtazama mpwa wake usoni, na fundi akaweka ufunguo. "Ulikuwa na watu," Mama Mkubwa akasema kwa uchungu wa kweli. "Uliwafanyaje?"

"Nimewaacha waende walikotaka."

Meza ikahamia barazani kwa mama yake. Upepo ukapeperusha springi ya saa ya kwanza, vumbi likaingia kwenye saa ya pili. Fundi akapachika pazia la plastiki, akaendelea. Saa zilichukua siku tatu badala ya moja. Alimkumbuka yule mjinga hadi akachukia kukumbuka, na kilichomsumbua, ajabu, si hasira. Kulikuwa na swali hajapata jibu lake. Jumapili akapiga simu mwenyewe.

"Ulisema nisikupigie," Ramani akasema.

"Nilikukataza wewe. Mimi sikujikataza. Njoo barazani kwa mama, nina swali."

Alikuja. Safari hii shati lilikuwa limepigwa pasi, pasi ya mtu asiyejua, mikunjo miwili mgongoni. Akasalimia, "Shikamoo mama," mama akaitikia "Marahaba" ya baridi, akaingia ndani, akabaki nyuma ya mlango.

"Nataka kujua," fundi akasema. "Kuna kingine unachonificha? Kiseme leo, kiwe kibaya vipi. Kikija kesho, tumeachana."

Kijana akatazama pazia la plastiki, akatazama meza. Angeweza kusema hakuna. Nani angejua?

"Kipo," akasema. "Siku uliyohama nilikuja. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nilikuona unaishusha meza ngazi kwa ngazi, peke yako, unaipumzisha, unaishusha tena. Nikaona aibu kujitokeza. Nikajificha nyuma ya gari lililoegeshwa hadi ukamaliza."

Fundi akafumba macho. Meza ile ilikuwa imemchubua mabega yote mawili, na alipofika chini alikaa juu yake akalia, akidhani hakuna anayemwona.

"Hilo linauma kuliko yote," akasema taratibu.

"Najua."

"Ungeweza kuninyima hilo. Nisingelijua hadi nazikwa."

"Ndiyo maana nimekupa. Sina kingine cha kukupa, Fundi. Chumba sina, jina limechafuka kazini. Nataka kukuoa, na nataka uniambie sasa hivi, ukiwa umejua yote, kama unanitaka."

Nyuma ya mlango hata kikohozi hakikusikika, maana mama alikuwa amezuia pumzi.

Fundi akasimama. Akashika upande mmoja wa meza yake.

"Jua limeshafika hapa," akasema. "Shika upande ule."

Ramani akashika. Wakainua pamoja, polepole, skrubu hata moja isitikisike.

"Ndiyo," fundi akasema, meza ikiwa bado hewani. "Nakutaka. Sasa usiiachie."