Alichokijua Chizuru

Jumamosi ile mvua ilikuwa imewasukuma watu wa mtaa wa Nipponbashi, Osaka, chini ya vibaraza vya maduka. Kundi kubwa zaidi lilijaa mbele ya duka la michezo ya video iliyokwisha kutumika, ambako skrini ya dirishani ilirudiarudia tangazo la sehemu ya sita ya mchezo wa Walinzi wa Mto Hisame. Itsuki Kuramoto, fundi wa lifti wa miaka thelathini na miwili, alikuwa amelitazama mara kumi na moja, bado yumo ndani ya ovaroli ya kazini. Mwavuli wake ulikuwa ukimwagia maji kiatu cha dada aliyesimama kando yake.

Dada huyo alivaa koti la mvua la rangi ya haradali, nywele zimekatwa usawa wa kidevu. Aliuvuta mguu wake bila kuyaondoa macho kwenye skrini.

"Hana kidole," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Itsuki aligeuka. Alidhani Osaka nzima ni yeye tu aliyeona. Mwishoni mwa sehemu ya tano, Sena, binti mlinzi wa daraja, aliingia kwenye ukungu akiwa amembeba mdogo wake mgongoni, na kwa miaka minne mashabiki walikuwa wakibishana kama alikufa. Tangazo lilionyesha mkono tu, ukifungua mlango, na kidole cha mwisho hakikuwepo, kama kwenye mkono wa kushoto wa Sena.

"Labda amekikunja," alisema, kumjaribu.

"Amekikunja wapi? Wewe umekuja kutazama au kukinywesha kiatu changu?"

Itsuki aliomba radhi mara tatu, na ya nne akaiomba kwa kumnunulia vibonge vya pweza vya moto. Walikula wamesimama, wakiunguza ndimi, wakibishana juu ya Sena mpaka mvua ikakatika. Aliitwa Chizuru Asakawa, alihariri vitabu vya shule, na aliamini kwa moyo wote kwamba Sena amegeuka Malkia wa Ukungu. Itsuki alimwambia hayo ni mawazo ya watoto. Chizuru akamwambia aandike namba yake ya simu, ili siku Itsuki akishindwa, yeye ajue pa kumpata amcheke.

Kuanzia hapo walipigiana kila siku saa ya chakula cha mchana. Itsuki aliongea akiwa juu ya mapaa, kando ya mitambo ya lifti, naye Chizuru akiwa kwenye ngazi za nyuma za ofisi yake. Alimwita Fundi. Itsuki alimwita Chizu, na alipojisahau, Chizu wangu. Jumapili walicheza upya sehemu zote tano, kuanzia ya kwanza, naye Itsuki akiandika kila alichokiona kwenye madaftari yake, na tarehe juu ya kila ukurasa. Alikuwa na madaftari saba. Hakuna mwanamke aliyewahi kuyasoma. Chizuru aliyasoma yote, akasahihisha na tahajia.

Mwezi wa Mei Chizuru alipata kazi mpya: kusahihisha maneno ya wahusika, katika kampuni ileile iliyotengeneza Mto Hisame. Alitia sahihi karatasi ya kuahidi kutomwambia mtu yeyote, hata mama yake, anafanya kazi gani. Aliondoka na furaha ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Kwa Itsuki alisema amehamia kwa mchapishaji mwingine.

Wiki ya pili alipewa kurasa za mwisho wa hadithi ya sehemu ya sita. Mwandishi wake alikuwa Bi Tokuda, mama wa miaka sitini na mitano aliyevaa sweta moja la kijivu kila siku, na ambaye alikuwa amezihangaikia kurasa hizo kwa miaka minne. Chizuru alizisoma, akalia chooni. Tangu siku hiyo, kila Itsuki alipomtaja Sena, yeye alizungumzia hali ya hewa.

Itsuki aliona. Alidhani amechokwa. Hakuuliza, kwa kuogopa jibu, na badala yake alizidi kuchimba kwenye madaftari, akitumaini kupata jambo zuri la kumrudisha. Mwezi wa Oktoba akalipata. Alimpigia saa ya mchana.

"Chizu, yule bibi muuza chai wa sehemu ya kwanza. Mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa siku zote, si ndiyo? Na ndiye pekee anayejua jina la mdogo wake Sena kabla hajaambiwa. Yule ni Sena. Ukungu umemrudisha nyuma miaka hamsini, akazeekea huko. Alikuwepo tangu mwanzo, akimpa chai Sena msichana, yaani yeye mwenyewe, na hawezi kumwambia."

Chizuru alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono mdomoni. Ndivyo zilivyokuwa kurasa za Bi Tokuda, karibu neno kwa neno.

"Chizu?"

"Usiiandike mtandaoni."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa limefungwa kwa sahihi yake. Alitafuta jingine, akapata baya. "Kwa sababu haina maana. Watu watakucheka."

Itsuki alisema sawa, akakata simu. Alibaki kati ya mapipa ya grisi, masikio yakimwaka. Siku iliyofuata aliiandika mtandaoni yote, na kwa siku tatu ilisomwa na watu laki mbili.

Siku ya nne Chizuru aliitwa kwenye chumba cha mikutano. Mezani palikuwa na picha ya Jumapili moja, yeye na Itsuki wakicheka mbele ya sinia la vyakula vya kukaanga, iliyotolewa kwenye ukurasa wa Itsuki mwenyewe. Alisema hakumwambia neno. Wakubwa wake waliitikia kwa adabu, wakamsogezea barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuandikwa. Mkuu wake aliongeza kwamba mwisho wa hadithi utatupwa na kuandikwa mwingine.

Alimkuta Bi Tokuda akitia karatasi kwenye boksi. Chizuru aliinama sana, akashindwa kuinuka.

"Nakuamini," alisema mama yule. "Kijana amesoma vizuri tu. Lakini nakuomba jambo moja. Usimwambie mtu, hata huyo kijana, kwamba hii ndiyo iliyokuwa hadithi yenyewe. Sitaki ijulikane kama kitu kilichouawa."

Chizuru aliahidi. Akamwandikia Itsuki kwamba Osaka imemchosha, akapanda treni kwenda kwao Matsue, kwenye duka la dobi la mama yake.

Itsuki aliipata habari mtandaoni kama watu wengine: mtu aliandika kwamba fundi wa lifti alikuwa na mpenzi ndani ya kampuni, naye amefukuzwa. Aliumia kwa saa moja kwamba alifichwa. Kisha akaelewa alichomfanyia. Alivaa suti aliyoivaa kwenye mazishi ya baba yake, akapeleka madaftari saba mapokezini, awaonyeshe kwa tarehe kwamba aliyawaza mwenyewe. Binti wa mapokezi aliyapokea kwa mikono miwili, akainama, akaahidi yatafikishwa. Hayakurudi, wala jibu. Chizuru hakupokea simu.

Mchezo ulicheleweshwa mwaka mmoja. Ulipotoka, ulianza kwenye kaburi la Sena. Ndiyo, alikufa ukunguni, yeye na mdogo wake. Bibi muuza chai hakuonekana kabisa. Mtandao mzima ulimcheka Itsuki kwa wiki mbili, ukamwita Bwana Chai. Aliucheza mpaka mwisho, akaomba ruhusa kazini, akaenda Matsue.

Alimkuta amevaa aproni ya samawati, akipiga pasi shati jeupe. Alikuwa amekonda. Hakushtuka, aliendelea kusukuma pasi.

"Nilikosea," alisema Itsuki. "Uliniambia haina maana nikakasirika. Umefukuzwa kwa ajili ya upuuzi wangu."

Chizuru hakuinua uso. Machozi yalidondoka kwenye mgongo wa shati, yakachemka chini ya pasi.

Itsuki alisimama akimtazama, na polepole akili yake, iliyozoea kuunganisha vipande, iliunganisha na hivi.

"Chizu. Kama nilikosea, walikufukuzia nini?"

Pasi ilisimama.

"Kuna jambo ambalo sitakuambia, Itsuki. Si leo, wala tukizeeka. Nilimwahidi mtu."

"Basi usiniambie."

"Utaniuliza. Nakujua wewe."

"Nitauliza," alikiri. "Siku nikilewa nitauliza. Usinijibu. Nataka tuoane hivyohivyo, na hilo jambo lako likiwa humo ndani na sisi."

"Watu watasema tulikula njama."

"Waseme."

Chizuru alisikia harufu kabla hajajibu. Aliinyanyua pasi, nayo ilikuwa imeacha pembetatu ya kahawia katikati ya mgongo wa shati. Waliinama wote wawili kuitazama. Haikuwa na la kufanywa.

"Ni la mwalimu mkuu," alisema Chizuru. "Analichukua saa kumi."

"Tutamwambia nini?"

Chizuru aliisikia hiyo "tu". Alijifuta uso kwa pembe ya aproni.

"Ukweli," alisema. "Huu angalau tunaweza kuusema."