Mwanamke Aliyetaka Kushushwa Mtoni

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima wakati Temirkul, dereva wa kusafisha theluji, alipomaliza chai yake, akalipiga teke tairi la lori ili barafu idondoke, akapanda. Kazi ilikuwa ile ile ya kila Februari: kufungua barabara ya juu mpaka kijiji cha Kara-Jar, kilomita kumi na tisa, kisha kurudi kulala. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu la jeshi, lililoachwa na wanajeshi waliokwenda zao kabla binti yake hajazaliwa. Jembe la kusukumia theluji alilichomelea mwenyewe, kwa bati la tangi la mafuta alilolikata katikati. Nyuma alipakia mawe ili magurudumu yasiteleze.

Redio ikakoroma.

"Wewe mzee wa bati! Umeshatoka, au bado unalibembeleza hilo kopo liwake?"

Alikuwa Mamyt, mwenzake kazini kwa miaka ishirini. Yeye ndiye aliyepewa mashine mpya ya idara, ile yenye meno yanayozunguka, inayomeza theluji na kuitema kule bondeni. Tangu asubuhi alikuwa chini, mahali poromoko la theluji lilipoifukia barabara.

"Kopo langu halijawahi kulala gereji," Temirkul akajibu. "Wewe na kiti chako chenye joto la umeme, angalia usisinzie."

"Nikisinzia utaniamsha. Sasa sikiliza, mzaha pembeni. Wamepiga simu kutoka Kara-Jar. Mke wa Kubat, yule mwalimu, ana uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Walete nyuma yako. Gari la hospitali litangoja hapa kwangu, na mimi nitakuwa nimeshapafungua."

"Nimesikia."

Alipanda mlima bila kupumzika. Alipofika Kara-Jar, Kubat alikuwa ameshawasha gari lake dogo. Aizada, mkewe, alilazwa kiti cha nyuma chini ya mablanketi matatu, kichwa mapajani mwa mama mkwe wake. Uso ulikuwa wa kijivu. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililomtia Temirkul hofu.

Akampa Kubat redio ya mkononi. "Bonyeza hapa ukitaka kusema. Fuata taa zangu nyekundu. Usinipite, na usibaki nyuma. Sawa, mwanangu?"

"Atafika, mzee?"

"Endesha."

Giza liliingia mara moja, kama kawaida ya kule. Upepo ulikuwa umeshaifukia njia aliyoipasua nusu saa tu iliyopita. Akashusha jembe. Bati likaanza kulia juu ya lami… krrr… krrr… Theluji ikapanda pande zote mbili mfano wa mbawa. Kwenye kioo, taa mbili za Kubat zilimfuata zikiyumba.

Wakapita kona ya kwanza. Ya pili.

Kwenye kona ya tatu, mtu alikuwa amesimama barabarani.

Temirkul akakanyaga breki. Hakuna dereva wa milima ile anayemwacha mtu kwenye theluji, hata awe adui yake. Akafungua mlango wa abiria. Mwanamke akapanda bila kushika popote.

Alivaa gauni jepesi lililolowa mpaka kiunoni. Nywele zake zilikuwa za manjano, ndefu, zimeachwa wazi. Mapajani aliweka kifurushi cha blanketi la sufu. Theluji ilikuwa ikimwagika kama unga, lakini juu yake haikuwapo hata chembe.

"Umetoka wapi, binti, na baridi hii?"

Akakiweka sawa kile kifurushi.

"Unakwenda wapi?"

"Nishushe mtoni."

Alisema kwa kunong'ona. Temirkul akatia gia, lori likasogea. "Mtoni kuna nini saa hizi?"

"Nina kitu cha kuosha."

Kabini ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu anayoijua vizuri, harufu ya kondoo aliyepasuliwa sasa hivi, bado wa moto. Akatupia jicho kile kifurushi. Kilikuwa kinatoa mvuke.

Kisha kikainuka… kikashuka.

Kikainuka… kikashuka.

Redio ikalipuka. "Mzee! Simama! Aizada hapumui! Anafungua mdomo lakini hewa haiingii! Mzee!"

"Usisimame," yule mwanamke akanong'ona. "Tumekaribia."

Temirkul akazitazama tena zile nywele za manjano. Bibi yake alikuwa mkunga, na Temirkul alipokuwa mdogo alimsikia akiwaonya wanawake kuhusu albarsty, jini mwenye nywele za manjano anayewajia wanawake wanaojifungua, asiyewezekana mpaka akamatwe nywele. Huchomoa pafu la mama na kukimbia nalo majini. Pafu likishagusa maji, alikuwa akisema bibi, msihangaike tena, chimbeni kaburi. Temirkul alikua, akasoma, akajifunza injini, akayacheka maneno yale.

Sasa aliusikia mto. Pale darajani maji hayagandi hata Januari. Ulikuwa mbele yake mita mia mbili… mia na hamsini…

Akauzungusha usukani wote upande wa mlima.

Jembe likajikita kwenye ukuta wa theluji. Lori likaruka, likazimika. Kabla mwanamke hajageuka, Temirkul alikuwa ameshamkamata nywele kwa mikono miwili. Zilikuwa baridi na nzito, kama sufu iliyotolewa kisimani.

"Rudisha!"

"Niachie nywele."

"Rudisha kwanza!"

Hakupigana. Alimtazama tu, macho hayapepesi, na kifurushi mapajani kikapunguza kupumua. Kikainuka kidogo… kikatulia.

"Nitarudisha," akasema. "Lakini siendi mtoni mikono mitupu. Nani?"

"Nichukue mimi."

"Wewe umenishika. Aliyenishika simwezi. Nani?"

"Sikupi mtu! Sikupi!"

"Nani?"

Redio ikakoroma tena. Mara hii ilikuwa sauti nyingine, ya furaha, ya mtu aliyemaliza kazi.

"Mzee wa bati! Umekwama wapi na kopo lako? Huku nimemaliza, njia nyeupe, hata bibi harusi anapita!"

Yule mwanamke akageuza kichwa taratibu, akaitazama redio. Kisha akamtazama Temirkul machoni.

Temirkul alifumba mdomo. Aliuma meno mpaka taya likamuuma. Hakutamka neno. Lakini nani anaweza kusikia sauti ya rafiki yake asiione sura yake? Kwa kitambo kidogo, kidogo kuliko kupepesa jicho, alimwona Mamyt kwenye kiti chake, kofia imepinda, anacheka.

"Ahsante," mwanamke akanong'ona.

Na mikono ya Temirkul ikawa imeshika hewa. Mlango haukuwa umefunguka.

Kubat alikuja akikimbia kwenye theluji, akagonga kioo. "Amevuta pumzi! Mzee, amerudi, anapumua!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kisha akasema, "Lakini kule juu kwenye kona ulisimama kwa nini? Ukafungua mlango, tukangoja dakika nzima."

"Nilimpakia yule mwanamke."

"Mwanamke gani? Hakukuwa na mtu."

Temirkul akakigusa kiti cha abiria. Kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa yameanza kuganda.

Akashika redio. "Mamyt." Akangoja. "Mamyt, nijibu." Redio ikavuma mvumo mtupu. "We Mamyt! Amka, bwana!"

Aliliwasha lori, akarudi nyuma, akalichomoa jembe, akashuka mlima kwa mwendo ambao hakuwahi kuuthubutu. Chini, njia ilikuwa nyeupe kweli. Gari la hospitali lilikuwa linangoja, wakampakia Aizada. Pembeni, mashine ya Mamyt ilisimama taa zikiwaka, meno yanazunguka, hayamezi kitu.

Temirkul akapanda ngazi, akafungua mlango.

Mamyt alikuwa ameketi, mikono kwenye vishikio. Maji yalikuwa yanamtoka mdomoni polepole, yakichuruzika juu ya koti.

Daktari wa wilaya alisema kifua kilijaa maji, na kwamba hutokea milimani kwa watu wenye moyo uliochoka. Muuguzi aliyesaidia kumshusha alimwambia Temirkul pembeni kwamba maji yale yalikuwa na mchanga, mchanga mweusi wa mtoni. Alipoulizwa kesho yake, alikana kusema hivyo.

Aizada alijifungua salama, mtoto wa kiume. Msibani kwa Mamyt, Kubat alikuja kutoa pole, akawatangazia wafiwa kwamba mtoto ataitwa Mamyt. Watu wakabubujikwa machozi. Mjane akammiminia Temirkul chai.

"Wewe ndiye wa mwisho kusema naye. Alikwambia nini?"

"Alinitania, shemeji."

"Lile lori?"

"Lile lori."

Mjane akacheka, mkono mdomoni, kisha akainama. Temirkul akakiweka kikombe chini. Chai haikunyweka.

Siku hizi hupanda na kushuka mlima redio imezimwa. Mkuu wa idara alimwita akafoka. "Dereva wa theluji asiyepatikana redioni ana kazi gani? Unataka nikufukuze?" Temirkul akavaa kofia, akarudi kwenye lori. Angemwambia nini? Kwamba kila akikaribia kona ya tatu anahesabu nguzo za barabara kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili asimkumbuke mtu yeyote mpaka avuke daraja?

Wiki iliyopita theluji ilishuka kwa siku tatu. Alihesabu nguzo mpaka kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili, bila kuitwa, sura ya binti yake Meerim ikamjia, anasuka nywele mbele ya kioo.

Hakuona mtu barabarani. Hakusikia sauti. Alishuka mlima mpaka simu iliposhika mtandao, akampigia.

"Meerim? Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba. Mbona unahema hivyo?" Akakohoa, kikohozi cha majimaji, mbali kidogo na simu. "Usijali, baba. Ni kikohozi tu. Kimenianza sasa hivi."