Tairi la Mbele Kulia

Ijumaa ile nilikuwa nimeshateremsha mlango wa gereji nusu, jua limeshakwenda nyuma ya mlima, ndipo nikasikia injini ya Elwood. Sikuwa na haja ya kuchungulia. Gari la silinda nane lenye mlio wa kujisifu namna ile, bonde letu lote lilikuwa na moja tu. Nikasema moyoni, huyu mtu siku zote hizo hakuziona, kaja leo nataka kufunga.

Elwood Reber alikuwa shemeji yangu, mume wa marehemu mdogo wangu Arlene. Nasema shemeji kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwamba nilimpenda. Nilimchukia miaka kumi na minane na sikumficha. Tangu tumzike Arlene hakuwahi kukanyaga gereji yangu, matairi yake alikuwa akiyajaza mwenyewe kwa pampu ya nyumbani.

Aliyemleta ni binti yake, Corinne. Alikuwa na miaka minne mama yake alipokufa, na jioni ile alikuwa na ishirini na miwili. Mchana ule Elwood alikuwa amemwandikia lile gari kwa jina lake, hati na kila kitu, na kesho yake asubuhi Corinne alikuwa aliendeshe kwenda Ohio kuanza kazi. Alikuwa amegoma kuondoka kabla mamkubwa wake, yaani mimi, sijalitazama.

Elwood akashuka akiwa ameshika kifua, maana moyo ulikuwa unamsumbua. Hakunisalimu.

"Shemeji, piga upepo matairi matatu. La mbele kulia usiliguse."

Mimi Verna Leiby nina miaka thelathini na moja katika kazi hii, na baba yangu kabla yangu. Hakuna mtu wa kunipangia niguse nini. Nikachukua kipimo. La kwanza paundi ishirini na nne, na linatakiwa thelathini na mbili. La pili ishirini na tatu. La tatu ishirini na tano. Sawasawa kabisa, gari linalosimama lazima lipungue, mpira wote duniani unavujisha kidogo kidogo hata usipokuwa na pancha.

Elwood alipogeuka kukohoa, nikapima la mbele kulia.

Thelathini na mbili.

Nikapima tena. Thelathini na mbili, bila kupungua hata nukta. Kwenye valvu yake kulikuwa na uzi mwekundu, umefungwa mafundo matatu.

"Hili umelijaza lini?"

Nikainama na tochi. Pembeni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa, na watu wenye magari ya fahari ndio wasiozisoma, wanatazama kashata tu, yale meno ya mpira. Matairi yale yalikuwa na kashata nzito kama ya dukani. Mwaka wake ulikuwa mwaka aliokufa Arlene. Nikabonyeza kwa kidole gumba, mpira ukaonyesha nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka.

Nikamwambia Corinne haendi popote juu ya matairi haya. Elwood akacheka kwa pua. Akasema gari lenyewe hutoka mara moja kwa mwezi, kashata zote zile sizioni, au nataka biashara. Nikamjibu kwamba gari la mara moja kwa mwezi halimalizi kashata, linamaliza umri. Mpira unakufa umesimama, na siku utakayoubana kwenye kona ndiyo siku utakayojua kwamba umekufa. Mtu mzima hovyo, jambo hilo anafundishwa mara ya pili na bado halimwingii.

Mara ya pili, ndiyo. Miaka kumi na minane nyuma alikuja na gari hilihili, jioni kama hii, mvua inanyesha, matairi kipara. Nilimwambia. Akacheka vilevile. Arlene alikuwa kiti cha kulia, cha abiria, maana huku kwetu usukani uko kushoto, akanitazama kupitia kioo akimung'unya peremende zake, akainua mabega kama kusema unamjua mwenyewe. Na mimi, badala ya kuchukua ufunguo, nikapiga upepo, nikawaacha waende. Waliteleza kwenye kona ya kanisa la juu. Ukuta wa mawe uliingia upande wa kulia. Elwood hakuchubuka hata kidole; gari akalitengeneza na kulivisha matairi mapya.

Kwa hiyo safari hii sikuwa tayari hata kidogo.

"Mamkubwa," Corinne akasema, "gari ni langu. Weka mapya."

Elwood akanywea. Alikuwa ameshatia saini.

Nikaleta niliyokuwa nayo. Kulikuwa na yale laini ya karibu na mashindano, yanayonata jua likiwaka na kuwa kioo baridi ikiingia. Kulikuwa na ya kiangazi. Na kulikuwa na ya misimu yote, ya mwendo kasi, ndiyo niliyomchagulia, kwa sababu ilikuwa Oktoba, alikuwa anavuka milima, na ningependa afike. Elwood akasema hayo ni ya gari la kupelekea watoto shule, yatalitia aibu. Nikamwambia aibu anaijua yeye?

Nikalipandisha gari kwenye jeki, nikavua magurudumu yote manne. Matatu nikayafungua haraka. Sss... harufu ya mpira wa zamani, basi. Nikavisha mapya, nikayajaza.

Nilipoliburuta la nne, Elwood akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Corinne alikuwa mlangoni anachukua tochi.

"Verna," akanong'ona. "Usilifungue."

"Kuna nini humu?"

Akaanza kueleza bila kunitazama usoni. Baada ya mazishi, kila alipowasha gari, alisikia mtu anapumua kiti cha kulia. Kwanza polepole. Halafu kwa haraka, kama mtu anayeona ukuta unakuja. Akaenda kwa bibi Kistler kule nyuma ya kinu, yule mpulizaji wetu. Watu wetu Jumapili wako kanisani, Jumatatu mtoto akiungua wanampeleka kwa bibi Kistler ampulize mara tatu na maneno yake ya Kijerumani cha zamani, cha mababu zetu. Bibi Kistler alimwambia pumzi haiuawi. Hufungiwa tu, ndani ya tairi, kwa uzi na karatasi ya maneno. Na ikishafungiwa lazima izungushwe barabarani kila mwezi, isipate nafasi ya kujikusanya.

"Kwa hiyo unampa mtoto wako aizungushe," nikasema.

"Mimi sasa nachoka, Verna. Moyo huu..."

Nilitamani kumpiga spana. Amemfunga mdogo wangu ndani ya mpira miaka kumi na minane, kisha anamrithisha mwanawe mzigo huo aondoke nao juu ya tairi bovu. Sikufikiri tena. Hasira ilinishika. Nikakata ule uzi, nikautupa kwenye pipa la taka, nikafungua valvu.

Haikulia.

Kila valvu ninayoifungua inalia. Ile ilitoa pumzi. Hhhhhh... ndefu, ya vuguvugu, kama ya mtu aliyelala karibu yako. Ikatulia kidogo. Ikaendelea.

Harufu ya peremende ikajaa gereji. Na ya barabara iliyolowa.

Nikageuka kumwambia Corinne asogee, kumbe alikuwa ameshapiga magoti kando yangu na tochi, uso uko karibu kabisa na valvu. Alivuta hewa ndani. Akavuta, akavuta, kama mtu aliyezama akatoa kichwa majini.

Kisha akafumba mdomo.

"Corinne?"

Akaitikia kwa kichwa kwamba yu mzima. Nilipobandua tairi kwenye rimu nilikuta karatasi iliyokunjwa, maandishi ya zamani, ikanivunjikia mkononi ikawa unga. Nikavisha jipya, nikajaza thelathini na mbili kutoka pampu ileile iliyojaza matatu ya kwanza. Kwa mkono wangu. Nalisema hilo makusudi, mlikumbuke.

Gari likashuka chini. Corinne akazunguka upande wa usukani, akafungua mlango, akamtazama baba yake upande wa pili, kupitia juu ya paa la gari.

"Elwood," akasema. "Leo wewe kaa upande ule."

Tangu azaliwe hajawahi kumwita baba yake jina. Elwood akanitazama mimi. Alitaka niseme neno, nililiona hilo machoni mwake, kijasho kinamtoka na baridi yote ile. Na mimi nilikuwa na neno. Nililimeza. Mnihukumu mnavyotaka, miaka kumi na minane nilikuwa nimeingoja sura ile.

Akaingia kiti cha kulia.

"Funga mkanda," nikasikia sauti ikimwambia, taratibu. Wakaondoka kuelekea kona ya kanisa.

Nilikaa juu ya ndoo, mlango wazi, nikisikiliza injini ikipanda mlima. Hapo ndipo akili iliponirudia. Mtoto yule alikuwa ndani ya gari lile. Mtoto niliyemkatalia asiende, ndiye niliyempa matairi mazuri na kumfungulia njia. Nikaanza kuomba kwa sauti, mimi ambaye kanisani naimba tu.

Dakika arobaini baadaye gari lilirudi. Halikuwa na mkwaruzo. Corinne alikuwa analia kwenye usukani.

"Mamkubwa, tumetoka wapi? Baba haamki."

Elwood alikuwa amekaa wima, mkanda umefungwa, macho wazi yakitazama mbele, mdomo wazi. Daktari alisema ni moyo, na moyo wake kweli ulikuwa mbovu. Nilikubali mbele za watu. Ila usiku ule, kabla daktari hajafika, nilipomtoa Corinne mikono kwenye usukani, nilipita mbele ya gari, na tochi yangu ikaangukia gurudumu la kulia.

Kwenye valvu mpya kulikuwa na uzi mwekundu. Mafundo matatu.

Nikakimbilia pipa. Ule niliokata haumo.

Huu ni mwaka wa tisa. Corinne hakumbuki lolote la jioni ile, na sijamwambia. Yuko Ohio, ana mume, ana gari la kawaida la kazini. Lile la baba yake anakuja nalo mara chache kunisalimia, anasema akikaa mwezi bila kulitoa hapati usingizi, hajui kwa nini. Kila akija napima upepo. Matatu yamepungua kama matairi ya watu. La mbele kulia ni thelathini na mbili.

Matatu nimeshayabadilisha, nikamdanganya kwamba la nne nalo nimelibadilisha. Nyufa zimeanza pembeni, naziona, nazipaka dawa ya kung'arisha asizione. Nimewaza kulifungua nikiwa peke yangu. Nimelishika mara mbili. Mara zote mbili, nilipoinamisha sikio, kulikuwa na mtu anacheka kwa pua.

Na pumzi ikitoka hutafuta kifua kilicho karibu. Ya Arlene ilimpenda yule mtoto, ndiyo maana ikamwachia. Ile nyingine haijawahi kumpenda mtu.

Jana jioni amekuja. Mimba ya miezi saba, mume wake kiti cha kulia, mvua imeanza kunyesha, na walitaka kuvuka mlima kabla giza halijashika. Nikawaambia walale kwangu. Akacheka, akasema mamkubwa una woga. Akainama kwa shida kutazama lile tairi, akauliza mbona linaonekana limechoka, bado liko sawa kweli?

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye valvu. Nikatazama tumbo lake, lilikuwa karibu kabisa.

"Bado lina kashata," nikamwambia.

Nikapiga upepo yale matatu, nikawaacha waende.