Ushanga Ndani ya Amplifaya

Fundi Elphas alifungua skrubu ya nane, akaitia ndani ya kifuniko cha chupa pamoja na zile saba, kisha akaanza kuzihesabu upya. Soipan alikunja midomo. Yeye angekuwa ameifungua amplifaya ile ya kwaya zamani.

Vijana wa kwaya walimdharau sana fundi huyu. Allan, mpiga kinanda, alimpa jina la Kobe, nao wenzake walicheka kila walipopita mbele ya kibanda chake cha mabati hapo Kitengela na kumkuta ameinamia redio ile ile ya asubuhi. Hakusomea ufundi popote, walisema, na hata simu yake ni ya vibonyezo. Soipan alikuwa na miaka kumi na mitatu, ndiye mtunza vyombo vya kwaya, na alikuwa ametazama video za ufundi zisizo na idadi. Lakini ilikuwa Alhamisi, mashindano ya Kajiado yalikuwa Jumamosi, na mafundi wengine wote walikuwa wamejaa kazi.

Fundi alimpa kadi ndogo na kalamu. Hiyo ilikuwa desturi yake: mwenye chombo aandike kwa mkono wake kilichotokea kabla hakijaharibika, kisha kadi ibandikwe ndani ya chombo. Soipan aliona ni upuuzi. Akaandika harakaharaka: Ilizima tu.

"Haikutoa moshi, wala harufu?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Fundi."

Akaichomoa fyuzi iliyokatika, akachungulia mahali ilipokaa, akatoa kitu kidogo kwa kibano na kukiweka kando. Kisha akaleta balbu kubwa ya zamani iliyofungwa kwenye ubao, akaiunganisha ili stima ipite kwenye balbu kabla ya kufika kwenye amplifaya. Soipan nusura acheke. Huyu alipima mitambo kwa taa ya jikoni!

Balbu iliwaka kwa nguvu. Fundi alieleza kwamba ndani kuna mahali stima inapita bila kizuizi; chombo kikiwa kizima, balbu hufifia. Akachomoa plagi, akasubiri, akahakikisha kwa mita kwamba hakuna stima iliyobaki ndani, ndipo akagusa. Alitenganisha nyaya zinazotoka kwenye transfoma, akawasha tena. Balbu ikafifia. Basi kosa lilikuwa baada ya transfoma. Akapima dayodi nne, ambazo hupitisha stima upande mmoja tu, moja baada ya nyingine. Ya tatu ilipitisha stima pande zote mbili.

Saa nzima ilikuwa imekwisha kwa sababu ya kidude kilichotoshana na punje ya mahindi. Dayodi mpya ilipowekwa na nyaya kurudishwa, balbu ilimulika mara moja, ikafifia.

"Ungeanza tu na hizo dayodi, Fundi," Soipan alisema.

Fundi hakukasirika. Alichukua gundi na ile kadi.

"Nani hushika maiki kwenu?"

"Mama."

"Sawa. Umesema haikutoa harufu. Transfoma ikichemka sana, vanishi inayotenganisha nyaya zake huungua. Siku moja stima inaweza kuruka hadi kwenye chuma, ikamfikia mwenye maiki."

Soipan aliitazama ile kadi. Jumanne, kwenye mazoezi, walikuwa wameongeza spika mbili za kuazima na fyuzi ikakatika. Allan alimwambia aweke waya wowote. Alikata waya wa shanga kutoka kikapu cha mama yake, akaizungushia fyuzi. Waliimba karibu saa nzima huku harufu kama ya nywele zilizoungua ikijaa chumbani. Walifungua madirisha, wakacheka, wakaendelea, mpaka moshi ulipotoka na amplifaya ikanyamaza. Ndipo akautupa ule waya.

"Fundi," alisema, "naomba hiyo kadi."

Alifuta, akaandika yote, na jina la Allan hakulitaja. Fundi alisoma polepole, kisha akasukuma mezani ushanga mwekundu.

"Huu nimeukuta penye fyuzi."

"Kumbe ulijua?"

"Ushanga uliniambia kwamba waya uliwekwa. Waya ulikaa muda gani, hilo ulilijua wewe. Nisingeifunga amplifaya leo. Ningekuuliza tena kesho."

Alifungua transfoma. Karatasi ya ndani ilikuwa imekuwa nyeusi. Ilibidi transfoma isukwe nyaya upya, naye akaanza kufungua nyaya za zamani huku Soipan akihesabu mizunguko. Walipofika mia mbili na kumi na miwili, mwanga ulianza kupungua. Fundi aliandika hesabu kwenye utepe, akaubandika pale walipoachia.

"Fyuzi ikikatika haijakosa," alisema. "Imekuambia ukweli mapema. Ukiifunga mdomo, shida inaingia ndani. Na mtu ni hivyo hivyo. Kesho ukitoka shule uje tuendelee."

Nje, Allan alikuwa akipita. Akauliza kwa kicheko kama Kobe amemaliza.

"Bado," Soipan alijibu. "Na anaitwa Fundi Elphas. Ngoja hapo, niko na jambo la kukuambia kuhusu ule waya."

Ushanga ulikuwa mfukoni mwake. Jioni hiyo ungerudi kwenye kikapu cha mama, pamoja na maelezo yake.