Dakika Ishirini za Wendell

Saa moja na dakika kumi asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la Renita kilinuka gundi na ngozi. Watu wanne. Meza moja ya kukatia vitambaa. Juu ya meza, ramani iliyochorwa kwa chaki ya cherehani.

Verlon Tibbs ndiye aliyeichora. Hakuketi. Verlon hakuwa mtu wa kuketi. Alikuwa akizunguka meza na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono.

"Ukumbi huu hapa," alisema. "Ndani watu mia tatu, wamevaa vizuri, wanakula vitu vidogo vidogo kwenye vijiti. Nyuma kuna uwanja wenye ukuta. Gari liko uwanjani. Saa sita kamili linaingizwa ndani, linanadiwa."

Odessa Pruitt, dereva wa lori, alikuwa akila mkate wenye yai. Akauliza geti la uwanja linafunguka upande gani. Verlon akamwambia ndani. Akarudi kwenye mkate wake.

Gari lenyewe kila mtu wa Detroit alikwishaliona gazetini. Plymouth ya mwaka 1970, milango miwili, kijani cha limau. Bodi ilitolewa kwenye banda moja huko Ohio, kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Mafundi wa mji walijitolea miezi minane kulijenga upya, bure, linadiwe kwa ajili ya Nyumba ya Mama Hollis, pale wazazi wanapolala watoto wao wakiwa wodi ya saratani. Renita alishona viti. Injini aliijenga Wendell Stokes.

Wendell alikuwa ameketi pembeni, mikono ameibana kwapani. Miaka sitini na sita. Mikono ilianza kutetemeka mwaka juzi, na daktari alimwambia hautapita mwaka mwingine kabla spana haijamshinda. Kwa hiyo injini ile ilikuwa ya mwisho. Alilijua hilo alipofunga nati ya kwanza.

Ndiyo maana alikuwa chumbani mle. Mnunuzi alikuwa anajulikana hata kabla ya mnada. Thaddeus Crane, tajiri mwenye magari arobaini na moja ghalani, yote yamefunikwa shuka, yamekaushwa oili, hakuna hata moja linalowashwa. Wendell aliyaona kwa macho. Alirudi nyumbani hakula siku mbili. Verlon akamfuata na maneno matamu. Kuna mtu Georgia, alisema, analitaka gari zima, na ataliendesha kila Jumapili. Mnada utavunjika, ndiyo, lakini gari litaishi.

"Sasa sikilizeni," Verlon alisema. "Mzee, waeleze."

Wendell akaeleza bila kunyanyua macho. Injini ya aina ile, siku ya kwanza kuwashwa, na ndiyo leo, haiachwi ingurume chini chini. Inashikiliwa mizunguko elfu mbili kwa dakika, dakika ishirini mfululizo, mpaka kemshafti na tapeti, vyuma vinavyofungua vali, zizoeane. Ukiizima kabla, zinasagana, chuma kinageuka unga ndani ya oili. Wakati huo hakuna anayemsogelea fundi. Wala hakuna anayemsemesha. Wageni wenyewe hukaa ndani na kusikiliza, wakihesabu dakika ukutani.

"Dakika ishirini za kusikiliza," Verlon alisema. "Wasikilize nini? Injini nyingine. Mzee ameiweka kwenye fremu ya chuma uwanjani, nyuma ya rundo la matairi, eksozi ileile, sauti ileile. Tunaiwasha. Plymouth inaingia lorini. Wao wanasikiliza, sisi tumesepa."

"Na Plymouth haizimwi," alisema Wendell. "Ikishawaka, nakaa nayo humo humo lorini mpaka ishirini ziishe. Bomba la eksozi nimelipitisha sakafuni. Renita atakaa nami aangalie joto."

"Sawa, mzee."

"Sikusema uniambie sawa. Nimesema haizimwi."

"Jumamosi ya leo barabara nzima ya Woodward imejaa magari ya zamani, inanguruma. Nani atasikia? Sawa, nimekwambia."

Renita aliwasikiliza wote wawili. Alikuwa anakunja kitambaa. Msichana wa miaka ishirini na minne, mchache wa maneno, mwenye jicho la kupima. Kazi yake ni kutazama kitu mara moja na kujua kinahitaji ngozi kiasi gani. Jana alipita ghala la Verlon kuchukua kamba, akaona winchi ya kunyanyulia injini na sanduku jipya la mbao. Alilipima kwa jicho. Gari zima haliingii kwenye sanduku lile. Injini inaingia, na nafasi ya majani makavu inabaki pande zote.

Alikuwa hajamwambia Wendell. Bila kitu cha kumwonyesha, mzee asingeamini. Na Verlon hakumwacha peke yake hata chooni.

Saa tano na dakika ishirini

Uwanja wa nyuma ya ukumbi ulikuwa na jua kali. Mtu mmoja wa kamati, bwana mwenye tai ya kipepeo, alitoka akampa Wendell mkono, akasema watoto wa Mama Hollis wamechora picha za gari hilo, zimebandikwa ukutani. Wendell akasema asante. Bwana akaingia ndani akafunga mlango, kwa adabu, kama anavyofunga mtu aliyeacha wengine wakisali.

Renita alikuwa nyuma ya rundo la matairi na kibati cha petroli. Kazi yake ilikuwa kujaza tangi la ile injini ya fremu. Galoni mbili, zitoshe dakika ishirini na ziada.

Alimimina moja. Akafunga kifuniko. Kibati chenye galoni iliyobaki akakificha chini ya turubai.

"Tayari?" Verlon aliuliza.

"Tayari."

Saa sita kasoro dakika ishirini

Wendell akaiwasha ya fremu kwanza. Ikakohoa, ikashika. Kelele zikapiga ukuta zikarudi. Akaifunga akselereta kwa waya. Ndani ya ukumbi watu wakashangilia, kisha wakanyamaza kusikiliza.

Kisha Plymouth. Alikaa kwenye kiti, Renita kando yake, akaweka mkono wake juu ya ufunguo, mkono ukagonga gonga stelingi. Renita akatazama pembeni. Ufunguo ukageuka.

Injini ilishika mara moja, bila hata kusita. Wendell akafumba macho nusu sekunde. Mshale ukapanda: elfu moja, elfu moja mia tano, elfu mbili. Akaushikilia hapo kwa unyayo. Mikono ilitetemeka. Mguu haukutetemeka.

Lori liliingia kinyumenyume. Mlango wake wa nyuma ulikuwa wa kulaza chini, wenyewe ndio ngazi. Gari likapanda polepole, klachi ikilia. Mlango ukafungwa. Giza. Mwanga wa dashibodi tu, wa kijani, usoni mwa mzee.

Lori likaondoka.

Saa sita kasoro dakika kumi na tatu

Joto lilikuwa sawa. Presha ya oili ilikuwa sawa. Renita alizisoma kwa sauti kila dakika, kama alivyoagizwa. Humo ndani palikuwa pa moto na moshi kidogo ulikuwa unapenya. Jasho lilimtiririka mgongoni akahisi ngozi ya kiti aliyoishona mwenyewe ikishikana na shati.

"Unaisikia?" Wendell aliuliza. Alikuwa anapiga kelele ili asikike, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Naisikia, Mjomba."

"Haina hata kasoro. Hata moja. Mtu wa Georgia atakuwa na raha."

Renita akageuka kumtazama. Miezi minane alikuwa hajamwona akicheka. Akasogea karibu na sikio lake.

"Hakuna mtu wa Georgia, Mjomba. Kuna sanduku."

Akamweleza. Winchi. Sanduku. Vipimo. Mguu wa Wendell haukusogea. Ni taya tu lililosogea.

"Una uhakika na vipimo?"

"Vipimo vyangu ulishawahi kuviona vimekosea?"

Wendell akatazama mshale.

"Na kule nimetia galoni moja," Renita alisema. "Itakufa sasa hivi."

Saa sita kasoro dakika tisa

Kule uwanjani, injini ya fremu ikameza tone la mwisho. Ikapiga chafya mara mbili. Ikazima.

Ndani ya ukumbi watu mia tatu walitazama saa ukutani. Wote walikuwa watu wa mji ule, walijua maana ya injini mpya kunyamaza dakika ya kumi na moja. Bwana wa tai ya kipepeo ndiye aliyefungua mlango akitegemea kumkuta Wendell analia. Alikuta fremu, waya, na alama za matairi hadi getini.

Mbele ya lori, kando ya Odessa, Verlon alikuwa anasikiliza redio ndogo ya polisi iliyobandikwa kwenye dashibodi. Plymouth. Kijani cha limau. Huenda ndani ya lori. Akatukana. Akampiga Odessa begani ili aingie uchochoro wa kwanza.

Saa sita kasoro dakika saba

Mlango wa nyuma ukalala chini. Mwanga wa mchana ukamwagika ndani. Verlon alisimama kwenye ngazi, shati limelowa, mguu wa kuku, bastola yake, mkononi.

"Zima."

Wendell akamtazama kwenye kioo cha ndani. Akanyoosha vidole saba.

"Mzee, barabara imejaa njagu. Wanatafuta lori linalonguruma. Zima nikwambie."

"Nilisema asubuhi."

"Asubuhi imepita." Verlon alipanda hatua moja. "Unailinda ya nini? Haitawashwa tena hiyo. Jamaa anataka iwekwe ofisini kwake, ing'arishwe, kioo juu, watu waweke kahawa. Isage, isisage, ni meza tu. Zima."

Renita alimwona Wendell akiipokea ile habari. Ilimwingia polepole. Crane angeifunika shuka. Huyu mwingine angeweka vikombe juu yake.

"Funga mkanda, binti," Wendell alisema.

Akaingiza gia ya nyuma. Plymouth ikashuka ngazini matako mbele. Verlon akaruka ukutani. Risasi moja ikapita dirisha la nyuma, ikatoboa kiti cha nyuma, ikaishia humo kwenye sponji. Gari likageuka, likalia matairi, likaingia Woodward.

Verlon alikimbilia lorini. Odessa alimwona kwenye kioo cha pembeni akija, bastola hewani, mdomo wazi. Alikuwa na muda wa kutosha kumsubiri. Akatia gia akaenda zake, mlango ukiburuta lami nyuma. Polisi walimkamata Verlon mtaa wa pili, akitembea haraka kama mtu aliyechelewa miadi. Odessa alikamatwa Jumanne.

Saa sita kasoro dakika nne

Woodward ilikuwa imejaa. Magari ya zamani njia zote, moja nyuma ya jingine, wenyewe wamening'iniza viwiko madirishani. Pembeni watu wamekaa kwenye viti vya kukunja, na barafu, na soseji zao za pilipili. Plymouth ilipopita wakapiga makofi. Mtoto mmoja akapunga mkono. Renita naye, bila kufikiri, akapunga.

Kisha foleni ikasimama kabisa.

"Ruka, binti," Wendell alisema. "Changanyika na watu. Wewe ni mshona viti tu."

"Na joto atakusomea nani?"

Wendell akakata kona kwenye uwanja wa duka la matairi lililofungwa. Akatoa gia. Mguu palepale. Elfu mbili. Ving'ora vikakaribia, kimoja, kisha kingine.

Saa sita kasoro dakika tatu

Askari wa kwanza kufika alikuwa mnene, mwekundu kwa jua, jina kifuani Dombrowski. Bastola mbele. Akapiga kelele wazime gari, wanyooshe mikono.

Renita akainua yake. Wendell akatoa mkono mmoja dirishani, unatetemeka, akaonyesha vidole vitatu.

"Injini mpya, bwana askari," alisema. "Nipe tatu. Kisha nipeleke unakotaka."

Dombrowski akasimama. Akasikiliza. Akasogea mpaka kwenye boneti, akatazama mshale wa mizunguko kupitia kioo cha mbele, akamtazama mzee.

"Imewashwa saa ngapi?"

"Kasoro ishirini."

"Haijashuka?"

"Haijashuka."

Askari akatazama tundu kwenye kioo cha nyuma. "Hata mlipokuwa mnapigwa risasi?"

"Hata hapo," Renita alisema.

Askari wa pili akafika anahema, akauliza wanangoja nini. Dombrowski akamwambia baba yake alifunga injini kiwandani Highland Park miaka thelathini na moja, kwa hiyo anyamaze. Redio begani ikamwuliza kama gari limepatikana. Akajibu limepatikana. Ikamwuliza mbona bado linanguruma. Akaipunguza sauti.

Watu wa viti vya kukunja walikuwa wamesogea. Wazee hasa. Mmoja alitazama saa yake, wa pembeni yake akainama kuitazama pamoja naye. Bastola ya Dombrowski ilibaki juu, imenyooka, na macho yake yakabaki kwenye mshale.

Renita akasoma joto. Akasoma presha. Akasoma tena.

Saa sita kamili

Wendell akaulegeza mguu taratibu. Elfu moja mia tano. Elfu moja. Mia nane, imetulia, laini kama cherehani. Akaiacha hapo mara moja tu, aisikie. Kisha akageuza ufunguo.

Chuma kikaanza kupoa kwa milio midogo midogo.

Alishuka mwenyewe, akageuka, akaweka mikono nyuma. Pingu zilisumbua kuingia, mikono ilikuwa haitulii, na Dombrowski ikabidi aishike yote miwili kwa kiganja kimoja kama anashika ndege. Renita alikuwa wa pili. Zake ziliingia mara moja.

"Oili ibadilishwe kabla haijaendeshwa," Wendell alisema. "Leo leo. Mwambieni atakayeinunua."

"Nitamwambia."

"Na kiti cha nyuma kina tundu," alisema Renita. "Wasikibandike. Nitakishona nikitoka."

Dombrowski akatoa daftari. Ukurasa ulikuwa mtupu. Akaandika oili kwanza, chini yake kiti, akapiga mstari, ndipo akawauliza majina.